Muulize Daktari: Nataka ubingwa wa upasuaji wa ubongo, nianze lini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga, nasoma udaktari mwaka wa pili Dar es Salaam. Nimepania kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Baadhi ya wenzangu wanahangaika kutafuta tafiti za kuingiza majina yao, na wananiambia nimechelewa. Wengine wananicheka, wanasema nimalize kwanza biokemia. Mama anaogopa nitazeekea darasani. Je, nianze sasa au nisubiri? Na likizo ndefu hii nikiwa nyumbani nifanye nini?
N., Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza sasa, na uanze na hiyo anatomia unayoisoma mwaka huu.

Weka kidole kwenye panja lako. Mfupa wa hapo ni mwembamba, na kwa ndani yake unapita mshipa wa ateri unaolisha utando wa ubongo. Kijana wa bodaboda akianguka bila kofia ngumu, mfupa ule ukapasuka, mshipa nao unaweza kukatika. Damu huvilia kati ya fuvu na utando. Mara nyingine kijana huzinduka, akaomba maji, akawaambia nduguze yuko sawa. Saa chache baadaye analala, haamki, na mboni ya jicho moja imetanuka. Akiwahiwa, fuvu likafunguliwa na damu ile ikatolewa, anaweza kurudi kwao akitembea. Ukilijua panja hilo mwaka wa pili kiasi cha kuweza kulichora umefumba macho, umeshaanza ubingwa. Wanaokucheka kwa ajili ya biokemia wana haki kidogo: nafasi ni chache, waombaji wengi, na vyuo huangalia alama zako za udaktari.

Njia ni hii. Udaktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, kisha leseni. Baada ya hapo kuna milango miwili. Wa kwanza ni uzamili wa chuo kikuu, ule tunaouita MMed. Wa pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999. Hiki hakina madarasa: unajifunza ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mabingwa, na unafanya mitihani yao. Kwa mlango wowote, hesabu miaka kumi na zaidi tangu siku ulipoingia chuo. Mama mwambie hivi: kuanzia utarajali utakuwa wodini unahudumia watu na unapata posho. Darasani hutazeekea.

Hao wanaotafuta kuingiza majina kwenye tafiti wasikutie presha. Jina la kumi na mbili kwenye makala ambayo hujui takwimu zake zilipatikanaje halitakusaidia ukikaa mbele ya watu wa usaili. Tafuta swali moja dogo, ulifuate hadi mwisho. Na usidhani lazima litoke hospitali kubwa za ng'ambo. Tiba ya watoto waliojaa maji kichwani kwa kutumia kamera ndogo, ili wengi wao wasihitaji mrija wa kudumu wa kutoa maji hayo, ilipiga hatua kubwa Mbale, Uganda, mikononi mwa daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf, na matokeo yakachapishwa 2005. Mbale ni mji wa mkoani kama wetu. Hapa nyumbani Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kukaa na watafiti wa malaria Tanga, ipokee. Kumwomba mgonjwa ridhaa, kujaza fomu kwa uaminifu na kutunza takwimu ni kazi ile ile, uwe unapima vimelea au uvimbe wa ubongo.

Kabla ya hayo yote, nenda ukaone kazi yenyewe. Wengi huvutiwa na jina. Uko Dar es Salaam, na Taasisi ya Mifupa, MOI, iko pale pale Muhimbili. Omba kukaa kliniki ya watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mwangalie mama aliyesafiri kutoka mkoani kwa mara nyingine kwa sababu mrija wa mwanawe umeziba, na usikilize bingwa anavyozungumza naye. Mimi ni daktari wa upasuaji wa jumla, na nakuambia kwa dhati: hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi unayoitaka. Ukitoka pale bado unaitaka, nitafurahi sana, maana tunawahitaji.

Sasa likizo. Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, uombe kukaa idara ya dharura. Usiombe kushika kisu. Jifunze kupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa 1974 na Teasdale na Jennett: kufumbua macho alama 4, maneno 5, kusogeza viungo 6. Kamili ni 15, ya chini kabisa 3, na mgonjwa aliyefika 8 au chini yake njia yake ya hewa iko hatarini. Rudia kupima kila baada ya muda, kwa sababu kushuka kutoka 14 hadi 11 kunakuambia mengi kuliko hiyo 11 peke yake. Kutoka Tanga hadi Muhimbili ni safari ya kilomita kama 350. Barua ya rufaa yenye alama hizo, saa zilipochukuliwa na hali ya mboni humsaidia bingwa kujiandaa kabla gari halijafika. Barua iliyoandikwa tu "mgonjwa hajitambui" haimsaidii. Uzoefu huo unaweza kuupata likizo hii hii.

Beba kidaftari. Andika umri, chanzo cha jeraha, alama alipofika, alichofanyiwa na mwisho wake. Majina usiandike. Na barua ya utambulisho iombe chuoni kabla hujapanda basi, maana kwa mganga mfawidhi hutapokelewa bila hiyo.