Maswali na Majibu: Nundu, Samli na Mafuta ya Mkebe

Tangu Idi ya kuchinja simu yangu hapa Lamu haijapumzika kwa maswali ya chakula. Nyama za sadaka zimejaa majokofuni, kila nyumba yapikwa pilau, na kila anayeshikwa na kizunguzungu anataka kujua kama ni ile nundu iliyomfanya. Nimechagua maswali machache. Yale ya kuondoa kitambi kwa wiki moja nimeyaacha. Nimeshayajibu na jibu halijabadilika.

Nazi ina kolesteroli? (Wameuliza watatu: Langoni, Mokowe na Faza)

Haina. Kolesteroli hutoka kwa wanyama na viumbe vya baharini. Nilijibu hivi kabla ya Ramadhani, na mwaka jana pia nilijibu hivi. Safari hii lihifadhini jibu.

Mlichopaswa kuuliza ni kama mafuta ya nazi yanaweza kupandisha kolesteroli iliyomo tayari kwenye damu yako. Hapo jibu ni ndiyo. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni mafuta ya aina ile inayoganda. Hata siagi haifiki huko. Lakini tui kidogo kwenye mchuzi wa samaki ni jambo moja, na kunywa mafuta ya nazi kwa kijiko kila asubuhi kwa sababu mtu kasema ni dawa ni jambo jingine kabisa.

Watu wa visiwa vya Tokelau, huko Pasifiki, walipochunguzwa walikuwa wakipata zaidi ya nusu ya nguvu zao kutoka kwenye nazi, na maradhi ya moyo kwao yalikuwa haba. Chakula chao kilikuwa nazi, samaki na shelisheli, na kazi zao zilikuwa za mikono. Jamaa zao waliohamia New Zealand walibadilisha chakula na maisha, wakanenepa, na presha, kisukari na jongo vikawafuata. Bibi zetu walikaa juu ya mbuzi wakakuna nazi, wakakamua tui zito kidogo na tui jepesi jingi. Leo twamimina pakiti mbili za tui zito kwenye sufuria moja, twashushia na soda, kisha twalaumu mnazi.

Nina miaka 24. Nimeacha ugali, wali, matunda na mboga. Huu mwezi wa tatu nala nyama, mayai na samli tu, nimepungua kilo 9. Waliosema mafuta ni mabaya si ndio waliotudanganya? (Kijana, Mkomani)

Kupungua umepungua, mwanangu, sikatai. Anayeacha mahamri, kaimati, chipsi na soda vyote kwa mpigo atapungua, kitakachobaki sahanini kiwe chochote. Nusu lita ya soda ina karibu vijiko 13 vya chai vya sukari. Ukitoa hiyo peke yake mwili washukuru.

Lakini wanaokuuzia mlo huo wanakupa hadithi nusu. Kila siku wanamtaja Ancel Keys, Mmarekani aliyeanza mwaka 1958 kuwafuatilia wanaume wa nchi saba, kwamba alitusingizia ubaya wa mafuta. Yapo ya kumkosoa, hasa namna nchi zilivyochaguliwa. Ila tazama alichokikuta: kwenye kisiwa cha Krete watu walikula mafuta mengi sana, ya zeituni, na mioyo yao ilikuwa salama. Mashariki mwa Ufini walikula siagi na maziwa mazito, na wanaume walikuwa wakianguka wangali na nguvu za kazi. Wafini hawakubishana. Kuanzia mwaka 1972, jimboni Karelia Kaskazini, walipunguza siagi, chumvi na sigara. Baada ya zaidi ya miaka 30, vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Hilo kwenye simu yako hulioni.

Utaniambia Wamasai. Sawa. Daktari George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika miaka ya 1960, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli ya chini na mioyo mizima. Wauza mlo huishia hapo. Mwaka 1972 Mann huyo huyo alitoa matokeo ya kupasua maiti za wanaume 50 wa Kimasai: mishipa ya moyo ilikuwa imeota utando wa mafuta sawa na ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, damu ikapata njia. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea kwao. Na wewe, je? Kutoka Mkomani hadi Shela wapanda boti.

Fanya haya. Nenda kapimwe kolesteroli mwezi huu, kwa kuwa kuna watu ambao mlo huo huwapandisha vibaya mno nao hawasikii lolote mwilini. Rudisha mchicha, kunde, embe na ndimu. Sukari na unga mweupe viache huko huko ulikovitupa, hapo umefanya la maana. Nyama kula. Sina ugomvi na nyama.

Nina jongo. Nile nyama? (Mwalimu, Mpeketoni)

Kidogo. Ini, figo, supu ya mifupa na dagaa viweke kando, maji unywe kwa wingi, na soda uache leo.

Nipikie samli au mafuta ya mkebe? Mkebe ni rahisi na watoto ni wanne. (Mama, Langoni)

Samli, kwa kipimo. Na mafuta ya simsim kabla ya samli.

Mafuta ya mkebe, yale ya kupikia yanayoganda, yana historia, na ningependa kila mama aijue. Mwaka 1901 Mjerumani Wilhelm Normann alivumbua namna ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kwa gesi ya hidrojeni. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ikaanza kuuza Marekani mafuta ya aina hiyo, yaliyotokana na mbegu za pamba. Yalikuwa rahisi, meupe, hayachachi upesi, na watu wakaambiwa ndiyo maendeleo. Ilichukua miaka mingi kujulikana kwamba mafuta yakigandishwa nusunusu huzaa kitu kinachopandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa wakati mmoja. Mwili hauna haja nacho hata chembe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziwe zimekiondoa ifikapo 2023. Mwaka huo umepita na nchi nyingi hazijamaliza.

Si kila mkebe una sumu hiyo. Mengi siku hizi ni mawese, ambayo huganda yenyewe. Soma kibandiko, na ukikuta neno «hydrogenated» rudisha mkebe rafuni. Kibandiko kikiwa kimefutika, au mafuta ni ya kupimiwa kutoka kwenye mtungi usiojua ulikotoka, yaache. Bei nafuu ya leo utakuja kuilipa hospitali.

Samli nayo si maji. Zaidi ya nusu yake ni mafuta yanayoganda, na kijiko kimoja cha mezani kina karibu kalori 120. Kwa nyumba ya watu sita, vijiko viwili kwenye sufuria ya wali vinatosha kwa harufu na ladha. Wewe unayechota kwa upawa, acha.

Na mbona hakuna hata mmoja aliyeniuliza simsim? Inalimwa hapa hapa bara yetu. Mji huu ulikuwa na vinu vya simsim vilivyozungushwa na ngamia. Mafuta yake yana kiasi cha gramu 14 tu za aina inayoganda katika kila 100. Mafuta ya kwetu yako mlangoni, nasi twakwenda kununua mkebe. Linaniuma.

Nina mimba ya miezi minne na damu ni chache. Mama mkwe anataka nile ini kila siku. (Shela)

Mwambie mama kwa adabu: si kila siku. Ini lina chuma, ndiyo, lakini limejaa vitamini A, na ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Mjamzito kwa kawaida huambiwa aache ini. Kula nyama ya kawaida, samaki, kunde na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu, maana ndimu husaidia chuma kuingia mwilini. Vidonge vya chuma ulivyopewa kliniki meza kila siku, na chai usinywe karibu na chakula.

Nina neno kwa wanaume wa nyumba hiyo, ingawa hawakuniuliza. Sinia la wanaume huenda na minofu na nundu, la wanawake hubaki na mchuzi na mifupa. Mwanamke mwenye mimba ndiye anayehitaji nyama kuliko mtu yeyote hapo nyumbani, na ndiye anayekula mwisho. Wapakulieni wajawazito kwanza.

Watoto wanapenda smoki na soseji. Si nyama pia? (Baba, Hindi)

Ni nyama iliyotiwa chumvi na dawa za kuhifadhi, nayo ina kesi yake peke yake. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema nyama za kusindikwa zinasababisha saratani, na kwamba gramu 50 kila siku, kiasi cha soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hatari yenyewe kwa mtu mmoja si kubwa, kwa hiyo smoki moja sikukuu haitaua mtoto. Ya kila siku shuleni ndiyo nisiyoitaka. Kwa pesa hizo mpe yai la kuchemsha.

Mafuta ya kasa yanatibu pumu kweli? Kuna mtu anauza chupa. (Kizingitini)

Hayatibu. Na nimechoka kuulizwa hili, kwa sababu kila anayeuliza ameshanunua.

Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu inayotokana na alichokila baharini. Haionekani, hainuki, na moto hauiondoi. Mama akila, sumu huweza kupita kwenye maziwa ikampata anayenyonya. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula kasa, 8 kati yao watoto. Pemba hiyo hiyo ilikuwa imeshazika watu 7 mwezi Novemba 2021 kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta yatokayo kwa mnyama huyo huyo unampa mtoto mwenye kifua kibovu? Tena kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, na muuzaji wako anajua, ndiyo maana anauza usiku. Mtoto wa pumu anatakiwa dawa ya kuvuta na daktari. Wazee wetu walikuwa na sifa pia, mafuta ya papa, na walijua pa kuipaka: kwenye mbao za vyombo.

Naweza kutumia mafuta ya karai mara ngapi? (Muuza viazi karai na bajia, Mkunguni)

Ahsante kwa kuuliza. Wenzako hawaulizi. Hesabu ya mara ngapi haisaidii, tazama mafuta yenyewe: yakiwa meusi, yakitoa povu lisiloshuka, yakifuka moshi kabla hujatia kitu, au yakinata kwenye mwiko, yamekwisha. Kila jioni yachuje, yapoe, yafunike mahali pasipo mwanga. Kosa kubwa ninaloliona mjini ni kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyoungua, wiki baada ya wiki, hata hakuna ajuaye ya kwanza yalitiwa lini. Wateja, nanyi mna macho. Chungulia karai kabla ya kutoa shilingi zako.

Nina presha. Nimeacha nyama mwaka mzima, nala ng'onda (samaki wa chumvi aliyeanikwa) na papa mkavu, na presha haishuki. (Mzee, Matondoni)

Mzee wangu, umeacha kisichokuwa adui mkubwa ukamkaribisha aliye mkubwa. Presha yako inashiba chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kipande cha papa mkavu kisicholowekwa chaweza kuzimaliza peke yake, kabla ya achari na kile kidonge cha mchuzi. Ng'onda loweka usiku kucha, mwaga maji, loweka tena. Bora zaidi, kula samaki mbichi. Unakaa Matondoni, wavuvi wako mlangoni.

Nyama waweza kuirudia mara mbili kwa wiki, vipande visivyo na mafuta, bila nundu na bila mkia wa kondoo. Nundu ni ya sikukuu, na kwa mtu wa presha ni ya kuonja.

Umeandika pia, mwisho kabisa kama jambo dogo, kwamba vidonge uliviacha ukahamia kitunguu saumu. Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Kitunguu tia kwenye mchuzi. Vidonge virudie kwa idhini ya zahanati, kesho asubuhi, na kabla hujavianza upimwe ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ukisikia uso umevuta upande mmoja, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usisubiri mtu akusomee wala akukande. Pandishwa boti saa ile ile, uende hospitali kuu mjini.