Mwanangu, legeza mkono

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema una wiki tatu tangu uanze kujifunza kuchokonoa makufuli, yaani kuyafungua bila ufunguo, kwa kujifurahisha. Kufuli la kwanza lilifunguka siku ya pili tu, ukashangilia, kisha tangu hapo limekataa katakata. Unaniuliza kama vidole vyako ni vizito mno kwa jambo hili. Unaniuliza pia kama ni kweli, alivyokuambia rafiki yako, kwamba huu ni ujuzi wa wezi na mtu mwenye heshima zake hapaswi kuushika. Nimetengeneza vitasa kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo nitakujibu kama baba na kama fundi. Swali la kwanza ndilo litakalonichukua muda.

Vidole vyako havina kasoro. Kufuli lile lilifunguka kabla hujajua limefunguka kwa nini, basi. Umeniandikia kwamba ulikuwa ukiingiza chuma na kukitoa haraka haraka, ukikisugua juu ya pini zote, vile vijiti vidogo vya chuma vilivyo ndani ya kufuli. Kusugua huko kunafungua makufuli mengi ya bei ndogo, na wala si kosa, ila hakukufundishi kitu. Ni sawa na mtu aliyefika nyumbani akiwa usingizini ndani ya gari: amefika, lakini njia haijui.

Kwa hiyo anza upya. Tafuta silinda ya kitasa ambayo inaweza kufunguliwa na kurudishiwa pini zake. Tandika taulo mezani, maana pini ni ndogo na springi zake zinaruka zikapotea. Tia ufunguo, geuza kidogo, kisha sukuma silinda ya ndani, ile inayozunguka na ufunguo, itoke polepole kwenye ganda lake huku ukiifuatisha kwa nyuma kijiti cha mviringo chenye unene uleule, ili springi zisipate mwanya wa kurukia. Ukishaitoa, tazama. Kila tundu lina pini mbili zilizopandana. Ya chini ndiyo inayogusana na ufunguo. Ya juu inakandamizwa na springi, na ufunguo usipokuwamo inakaa nusu ndani ya silinda, nusu nje, kama mtu aliyesimama kizingitini akazuia mlango. Ufunguo sahihi unainua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawasawa na mpaka wa silinda. Hapo hakuna tena kinachozuia, silinda inazunguka.

Wazo hili ni la kale sana. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yaliyofanya kazi kwa pini za kudondoka. Huko Marekani Linus Yale alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kitasa cha pini mwaka 1848, na mwanawe, Linus Yale mdogo, akakiboresha miaka ya 1860 kwa ufunguo mdogo bapa tunaoujua sote. Nikishika silinda mkononi huwa nafikiri juu ya mbao zile.

Sasa, kwa nini kufuli linachokonoleka? Kwa sababu hakuna mashine inayotoboa matundu matano yakakaa kwenye mstari mmoja bila tofauti hata kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unywele, lakini ipo. Ukiizungusha silinda kidogo kwa kile chuma cha pili, cha kuzungushia, kinachokaa kwenye tundu la ufunguo pamoja na cha kuchokonolea, pini zote haziwezi kubanwa kwa wakati mmoja. Moja hubanwa kwanza. Ukiipata hiyo na kuiinua taratibu mpaka mpakani, silinda inasogea chembe tu, pini ya juu inabaki imekalia ukingo, halafu pini nyingine inashika zamu. Na zamu hiyo haifuati mpangilio wa kuanzia mbele kwenda nyuma. Inaweza kuanza ya tatu, ikafuata ya kwanza, halafu ya tano. Kila kufuli lina mpangilio wake, na ukiligeuzia upande wa pili mpangilio unabadilika.

Hapa ndipo mkono wako wa kushoto unapokuponza. Karibu kila anayeanza hushughulika na mkono wa kulia, ule ulioshika chuma cha kuchokonolea, na kuusahau ule unaozungusha. Ukizungusha kwa nguvu, pini zote zinabanwa pamoja, zote zinakuwa ngumu, na huwezi tena kujua ipi ndiyo yenyewe. Nguvu inayotakiwa ni uzito wa kidole kilicholalia chuma, si zaidi ya hapo. Tazama ukucha wako unapofanya kazi. Ncha yake ikiwa nyeupe, umezidisha. Pumua, legeza, anza tena.

Fanya zoezi hili hata kama litakuchosha. Toa pini zote, acha jozi moja tu. Chokonoa jozi hiyo mara ishirini, ukiwa umefumba macho. Utajifunza hali tatu ambazo hakuna mtu anayeweza kukueleza zikaeleweka mpaka kidole chako kizikute. Pini isiyobanwa inadunda, ukiibonyeza inarudi na chuma chako. Iliyobanwa ni ngumu, inakataa, kisha inakwenda kwa mshtuko mdogo. Iliyokwisha kukaa ina ulegevu kidogo, inacheza, springi huisikii tena. Ule mlio mdogo wa kukaa utauhisi kwenye mfupa wa kidole kabla sikio halijausikia. Baada ya hapo weka jozi ya pili, kaa nayo siku mbili tatu, kisha ya tatu. Usikimbilie tano.

Utainua pini kupita kiasi mara nyingi. Pini ya chini inavuka mpaka, inanasa huko juu, na kufuli linakaa kama lililokufa. Usilazimishe. Achia chuma cha kuzungushia kidogo kidogo, sikiliza pini zinavyodondoka moja baada ya nyingine, na uzihesabu. Mimi mwenyewe nilijifunza mengi katika kuzihesabu zinaporudi kuliko katika kuzipandisha.

Siku moja utafika kwenye kufuli ambalo silinda yake itazunguka zaidi ya kawaida, ukadhani limekubali, halafu litasimama hapo hapo. Mtengenezaji ameweka ndani pini zilizochongwa kiunoni zikawa kama kijiti cha kuzungushia uzi. Kile kiuno kimenasa mpakani. Ukiipata pini hiyo na kuisukuma juu, utahisi silinda inakirudisha nyuma kidole chako cha kushoto. Wengi hapo hukaza mkono kwa hofu ya kupoteza walichokwisha kupata. Wewe legeza, iache irudi kiasi inachotaka, huku ukiendelea kuinua. Pengine utapoteza pini moja au mbili nyingine, utazirudia. Mara ya kwanza nilipoielewa kani ile ya kunirudisha, nilikaa kimya mezani kwa muda mrefu. Nilihisi kama chuma kimenijibu.

Kuhusu vifaa sina mengi. Chuma kimoja chenye ncha fupi iliyopinda na vyuma viwili vya kuzungushia, chembamba na kinene, vinakutosha mwaka mzima. Vile vilivyokatwa vibaya vina kingo kali zinazokwaruza na kukupotezea hisia, hivyo visugue kwa msasa laini mpaka viteleze kwenye ngozi.

Sasa rafiki yako. Usimkasirikie, hofu yake ina msingi, na utulivu wako katika kumjibu utategemea kama wewe mwenyewe unashika miiko ya jambo hili. Iko miwili, na wapenda mchezo huu kila mahali wanaijua. Usichokonoe kufuli lisilo lako isipokuwa mwenyewe amekuruhusu. Na usichokonoe kufuli linalotumika, hata kama ni lako.

Mwiko wa pili watu huudharau, kwa hiyo nikueleze nilivyoujua. Mama yako alikuwa na mimba yako, ya miezi saba. Nilikuwa nimeanza kujisikia fundi. Jioni moja, sisi wote wawili tukiwa nje, nikaanza kufanya mazoezi kwenye kitasa cha mlango wetu wenyewe. Ncha ya chuma ikakatikia ndani, kati ya pini ya pili na ya tatu. Ufunguo haukuingia tena. Nilihangaika mpaka giza likaingia, mama yako ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na miguu imemvimba, na mwisho ikabidi nikaazime keekee nitoboe silinda yote. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Nilimwomba radhi usiku ule, na tangu siku hiyo sijagusa kwa mazoezi kitasa ambacho mtu anakitegemea. Hata chuma kisipokatika, pini zinachubuka na springi zinachoka. Na vipo vitasa ambavyo ukigeuza silinda nusu mzunguko bila ufunguo kuwamo, pini za juu zinadondokea kwenye mfereji wa ufunguo na kila kitu kinakwama.

Angalia pia sheria ya mahali unapoishi kabla hujatembea na vyuma hivyo mfukoni. Nchi hazifanani. Japani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2003 inayokataza kuwa navyo bila kazi au sababu halali. Kwingine kuwa navyo si kosa, mradi huna nia mbaya. Mimi ningeviacha mezani tu.

Ama kwamba ni ujuzi wa wezi, mwambie habari ya Alfred Charles Hobbs, fundi kutoka Marekani. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alifungua mbele ya mashahidi kufuli la Chubb, lililosifiwa sana enzi zile, kwa dakika kama 25. Kisha akaliendea kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka la kampuni hiyo tangu mwaka 1790, na zawadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya zamani, kwa atakayelishinda. Lilikuwa limesimama zaidi ya miaka 60. Hobbs alilifanyia kazi kwa saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, mpaka likafunguka. Wako waliokasirika, wakasema anawafundisha wezi. Lakini watengenezaji walirudi kwenye meza zao wakaboresha makufuli yao, na waliofaidika ni watu waliolala nyuma ya milango hiyo. Mwizi hana saa 51. Mwizi ana haraka, anavunja dirisha. Anayekaa jioni nzima na kufuli lake mwenyewe ili ajue lilivyoundwa anafanya jambo jingine kabisa, na mimi baba yako sioni aibu kwalo hata kidogo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwamba katika mambo yote umelichagua hili bila mimi kukusukuma.

Silinda ukishaipata na kuibakiza na pini mbili tu, niandikie ni ipi kati yake inayobanwa kwanza ukizungusha kulia, na ipi ukizungusha kushoto. Usikisie. Kaa nayo mpaka uwe na hakika. Huku nakutengea kufuli moja la shaba lenye pini sita, nililolitoa kwenye mlango uliobomolewa miaka mingi iliyopita, ambalo ufunguo wake haukupatikana kamwe. Sijawahi kulifungua. Ukija tutalijaribu kwa zamu.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi, baba yako