Oili ya Pikipiki Kuukuu: Ushauri kwa Mafundi Wanaoanza

Katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza ufundi, mzee mmoja alileta Honda CG125 yake kwenye gereji tuliyokuwa nayo Mombo ili tumwage oili, naye alikuja na dumu la oili nyepesi ya gari, 5W-30, lililobaki baada ya gari la mwanawe kufanyiwa sevisi. Oili ile ilikuwa mpya, safi, na ya bei kubwa kuliko tuliyokuwa tukiwauzia wateja wetu, kwa hiyo niliimimina bila kumuuliza fundi wangu. Siku mbili baadaye mzee alirudi akiwa ameteremka mlima injini ikiwa imezimwa, akaeleza kwamba alipokuwa akizipanda kona za kuelekea Soni injini ilinguruma kila alipoongeza mafuta, lakini pikipiki haikuongeza mwendo hata kidogo. Tulipofungua kifuniko cha upande wa kulia, harufu ya kuungua ilitupokea kabla hatujaziona pleti za klachi, nazo zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi. Gharama ya pleti mpya ilikuwa juu yangu, na ilikuwa haki.

Kosa lile linaeleza jambo la kwanza ambalo kila anayeanza kazi hii anapaswa kulishika. Katika gari la gia za mkono, klachi hukaa kavu na gia huwa na oili yake peke yake, ilhali katika pikipiki nyingi za viharusi vinne (four-stroke) oili ni moja tu, nayo hulainisha pistoni na vali, hubeba uzito wa meno ya gia, na papo hapo huzilowesha pleti za klachi ambazo kazi yake ni kushikana. Oili nyingi nyepesi za magari ya siku hizi huwekewa viungo, yaani kemikali, vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo, na viungo hivyo hivyo ndivyo vinavyoifanya klachi ya pikipiki iteleze. Klachi ya pikipiki kuukuu, ambayo pleti zimelika na springi zimelegea, huathirika mapema zaidi kuliko klachi mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama jina la kampuni, geuza chupa utafute herufi za JASO, ambacho ni kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki kilichoanza mwaka 1998. Pikipiki yenye klachi inayolowa oili inahitaji MA, au migawanyo yake ya MA1 na MA2. MB ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hiyo. Kitabu cha pikipiki ya zamani huenda kikataja SE au SF, madaraja ya API, kiwango cha Kimarekani cha ubora wa oili, ambayo yamepitwa na wakati, lakini hilo lisikutie wasiwasi, kwa kuwa SG, SJ na SL huchukua nafasi ya hayo yaliyotangulia, mradi alama ya MA ipo. Na ikiwa mbele yako ipo pikipiki ya viharusi viwili, kama vile Yamaha AG100 ambazo mabwana shamba wengi walizitumia, oili inayochanganyika na petroli ni ya 2T, nayo haina uhusiano wowote na hizi ninazozieleza.

Baada ya hapo ndipo unapouliza uzito, yaani oili ni nzito au nyepesi kiasi gani inapotiririka. Katika 20W-50, namba iliyo kabla ya herufi W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, na ile ya mwisho inaonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, mimi huweka 20W-50 katika injini kuukuu zinazopozwa kwa upepo, iwapo kitabu chake kinairuhusu. Kwa anayewasha pikipiki alfajiri ya Julai kule Njombe au Makete, 10W-40 huwahi kufika kwenye vali, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazokula chuma.

Hapa nawasihi sana msifuate desturi ya kuficha moshi kwa oili nzito. Injini inapotoa moshi wa bluu mfululizo ikiwa imebeba mzigo, aghalabu ringi au silinda imekwisha, na hakuna oili itakayorudisha chuma kilicholika. Wapo wanaochanganya oili ya gia namba 90 wakiamini kwamba ni nzito maradufu, kumbe namba za oili ya gia hupimwa kwa kipimo kingine, na hiyo 90 kwa uzito iko karibu na 40 au 50 ya injini. Mteja amelipa, moshi haujaisha, na ndani ya injini mmeingiza viungo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya klachi.

Oili ya madini yenye MA inatosha kabisa kwa injini hizi. Ile ya sinthetiki si mbaya, ila huweza kuondoa masizi yaliyokuwa yameziba nyufa za sili zilizochoka, na uvujaji uliokuwa umejificha ukaonekana. Kwa kuwa injini ndogo hubeba karibu lita moja tu, ni heri kumwaga oili ya kawaida kila kilomita 1,500 au 2,000 kuliko kununua ya ghali na kuichelewesha. Oili ya kupima, inayouzwa kutoka kwenye pipa, iacheni, maana hamna njia ya kujua ilikotoka.

Unapopima kiwango cha oili kwenye injini, simamisha pikipiki wima, iache injini itulie dakika chache baada ya kuizima, futa kijiti, kisha kitumbukize bila kukifunga kwa rezi, kama Honda nyingi ndogo zinavyotaka. Ukikuta oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usifurahie wingi wake: aghalabu sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli isiingie kupita kiasi, imelika na petroli inashuka ndani ya injini usiku. Badilisha sindano kwanza, ndipo umwage oili, la sivyo mpya nayo itakuwa nyepesi kama maji kabla ya wiki kwisha.