Binti anataka kupuliza klarineti kama Imani Winds: jibu langu kwa mzazi aliyeuliza wanakula nini

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema binti yako yuko kidato cha tatu, anapuliza klarineti kwenye bendi ya shule, na tangu awaone Imani Winds, lile kundi la Marekani, mtandaoni hataki tena kusikia habari za udaktari. Ukauliza: watu watano wanaopuliza muziki wa aina ile, bila ngoma wala mwimbaji, wanakula nini? Nimepuliza klarineti miaka 22, na minne kati ya hiyo nilikuwa kwenye kwinteti, yaani kundi la watu watano, ya namna hiyo hiyo Nairobi. Naomba nikujibu kwa kirefu. Nilipokuwa na umri wa binti yako nililitafuta jibu hili na sikumpata wa kunipa.

Kwanza ujue anachokipenda. Kwinteti ya upepo ni filimbi, obo, klarineti, horni na basuni, ala ndefu ya sauti nene. Obo ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani, ukiisikia kwa karibu huwezi kukataa undugu huo. Horni ni ala ya shaba iliyowekwa katikati ya wageni. Kwenye kundi la fidla sauti zote ni za ukoo mmoja, lakini hapa kila mtu anatoka kwao na hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Mnaanza pamoja kwa kusikilizana pumzi. Mwenye filimbi akivuta hewa puani, wewe uliye upande wa pili unajua wimbo utakwenda kasi kiasi gani kabla noti ya kwanza haijatoka. Kuzoea hilo kulinichukua karibu mwaka mzima.

Sasa riziki. Tangu mwanzo, watu wa kazi hii hawakuishi kwa kwinteti peke yake. Mtunzi Anton Reicha alipoandika kwinteti zake 24 kule Paris, kuanzia miaka ya 1810, wapulizaji wake walikuwa na ajira nyingine. Vogt wa obo na Dauprat wa horni walikuwa kwenye okestra za opera na wakafundisha Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris. Karne mbili baadaye mambo hayajabadilika sana. Vikundi vingi vya Ulaya na Marekani ni vya watu wenye viti kwenye okestra, wanaokutana baada ya kazi kwa mapenzi tu.

Imani Winds walikwenda njia ngumu zaidi, na ndiyo maana nawaheshimu mno. Valerie Coleman, mpuliza filimbi kutoka Louisville, Kentucky, alilianzisha kundi mwaka 1997 jijini New York, akiwakusanya wapulizaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini katika fani ambayo mara nyingi mtu wa namna yao alijikuta yuko peke yake jukwaani. Jina alilichukua kwenye Kiswahili chetu, na wimbo wao maarufu aliutunga mwenyewe akauita Umoja. Mwanzo ulikuwa wimbo mwepesi wa kwaya ya wanawake, wa kuitikiana, mmoja anatoa na wengine wanapokea, kisha akaupanga upya kwa ala tano. Mwaka 2019 okestra ya Philadelphia ikaupiga ukiwa umeandikwa upya kwa okestra nzima. Wakati huo alikuwa ameshaondoka kwenye kundi ili atunge na kufundisha.

Tazama na Jeff Scott wa horni. Ni mtoto wa Queens, alianza akiwa na miaka 14 kwa ufadhili wa mtu asiyejitaja, na mwalimu wake wa kwanza alimfundisha bure miaka yote ya sekondari. Alipokuwa kwenye kundi alikuwa pia anapiga kwenye okestra ya mchezo wa muziki The Lion King, Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho New York, kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo penye jibu la swali lako, mkuu. Kodi ya nyumba ililipwa kule, kwinteti ikajengwa huku. Akawa anatunga pia, na mwaka 2024 kazi yake iliyorekodiwa na Imani Winds na wenzao ikapata Grammy. Hesabu mwenyewe kutoka 1997. Mwaka 2021 chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, kiliwachukua kufundisha wanafunzi wa kwinteti. Nafasi hiyo ikaja baada ya zaidi ya miaka 20.

Kwetu sisi haikufika huko. Tulikuwa tunafanya mazoezi Jumanne jioni sebuleni kwa mwenzetu wa obo. Kabla hajapuliza noti moja, analoweka ridi zake, vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetemeka mdomoni na kutoa sauti, kwenye kikombe cha chai kilichojaa maji, anaitoa moja, anaipuliza peke yake bila ala, inalia kama kifaranga, anatikisa kichwa, anachukua kisu na kuikwangua unywele mmoja tu, anairudisha majini. Alikuwa akizitengeneza Dar akienda likizo, na zikifika Nairobi hazikuitika vilevile. Nusu saa inakwisha hivyo, na hakuna aliyelalamika, maana obo ikikataa wote tumelala.

Tulipiga kwenye harusi, shuleni, na hotelini. Mwezi mzuri tulipata kazi tatu, mwezi mbaya hatukupata hata moja. Hoteli moja ilitulipa baada ya miezi minne. Mimi niliishi kwa kufundisha watoto klarineti na rekoda, ile filimbi ya wanaoanza, mchana. Kisha mwenzetu wa basuni akapata nafasi ya masomo nje. Tulimsindikiza kwa furaha ya kweli, ila tulitafuta basuni nyingine mji mzima tukakosa, na kundi likaishia hapo.

Kuna kosa moja ambalo linaniuma mpaka leo. Kwa miaka mitatu tulipiga muziki wa Ulaya tu. Mwaka wa nne mtu wetu wa horni akapanga wimbo mmoja wa taarab kwa ala tano, tukaupiga kwenye harusi, na wazee waliokuwa nje wakinywa kahawa wakaingia ndani, wakavuta viti mbele, wakakaa hadi mwisho. Tulichelewa kuelewa alichokielewa Coleman mapema.

Kwa hiyo usimkatishe tamaa binti, ila mpe vya kushika. Ajifunze kinanda kidogo na kuandika noti, si kuzisoma tu. Aanze kumfundisha mtoto mdogo mmoja sasa hivi, kwa sababu kufundisha ndiko kutakakomlisha. Akifika chuo atahitaji klarineti mbili, ya B bemoli na ya A, anza kuweka akiba. Mshukuru Mungu hakuchagua basuni, ambayo ya kiwango cha kazi hupita dola 20,000.

Na usikimbilie kumnunulia ala mpya leo. Muulize anatumia ridi namba ngapi, yaani ugumu wake, na ameitumia kwa muda gani. Wanafunzi wengi niliowafundisha walidhani hawana kipaji, kumbe walikuwa na ridi moja iliyopasuka ncha tangu mwaka uliopita. Mnunulie boksi la ridi kumi za namba 2.5, azizungushe, asipulize moja siku mbili mfululizo. Akishafanya hivyo mwezi mmoja, rudi hapa utuambie sauti imekuwaje.