Kisu cha mhunzi: kikague kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza utakijuaje kisu kizuri cha jikoni kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Beba tupa ndogo (chuma chenye meno cha kusugulia vyuma), omba ruhusa, ipitishe taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikikwangua kirahisi, utanoa kila siku. Mimi napendelea kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari, ila kinashika kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma: kikaushe, kipake mafuta ya kula. Ukiona ubuluu kwenye makali, mashine ya kunolea imekiunguza na ugumu umetoka. Achana nacho. Mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini ufike mwisho wake, ribiti (pini zinazoubana mpini) zisicheze. Bei mpatane, usimkamue fundi. Ukirudi kunoa, mwambie atumie kinoo cha maji, si mashine kavu.