Kabla Hujakimbilia Barabara za Ubia, Uliza Nani Atazibua Kalavati

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu, mkandarasi aliyesajiliwa juzijuzi tu, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nasikia barabara kubwa sasa zitajengwa kwa ubia na sekta binafsi, watu walipie tozo. Sisi wakandarasi wa madaraja ya chini huku Kigoma na Tabora tutapata nini humo, au tutaendelea kubeba mawe?"

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti. Ukawa mrefu, nikatuma mwingine, nikatuma na wa tatu. Mke wangu alikuwa pembeni anachambua mchicha, akaniuliza kama nimechukua fomu ya udiwani. Nikaona bora niandike, maana najua mnaosoma hapa wengi mna kiu ileile: kampuni yako, greda lako, jina lako kwenye kibao cha mradi pale barabarani.

Ubia wenyewe si jambo geni kisheria. Sheria yake ipo tangu 2010 na imerekebishwa mara kadhaa. Kuna Kituo cha Ubia, na aliyekabidhiwa kukiongoza mwaka 2023, David Kafulila, aliwahi kuwa mbunge wa Kigoma Kusini, kwa hiyo vumbi la Uvinza analijua. Mradi wa barabara unaotajwa sana ni ule wa barabara ya haraka (expressway) ya Kibaha hadi Morogoro, kilomita 205, ukianzia na kipande cha Kibaha–Chalinze cha kilomita 78.9. Mwekezaji anatafuta mtaji, anajenga, anaendesha, anatunza, anarudisha fedha yake kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba, kisha barabara inarudi serikalini.

Watu wakisikia hivyo wanaanza kubishania tozo. Mimi kilichonivuta ni huko kutunza, na sababu ninayo.

Miaka ya nyuma nilipata kazi ya sabu, yaani mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkuu, kwenye kipande kimoja cha lami huku kwetu magharibi. Sitasema kipi, na mkandarasi mkuu simtaji. Kazi yangu ilikuwa mitaro ya mawe na kalavati, yale matundu ya kupitisha maji chini ya barabara. Kuna mahali barabara ilikatiza udongo wa mbuga, ule mweusi ambao masika unavimba na kunata kwenye buti, kiangazi unapasuka hadi unaweza kupoteza simu kwenye ufa. Michoro ilisema udongo ule utolewe wote, kijazwe kifusi kizuri na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Machimbo ya kifusi yalikuwa mbali, malori machache, na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa inakuja mbio. Ukatolewa nusunusu.

Niliona kwa sababu nilikuwa nimechimba pale pale kuweka kalavati. Nikamwandikia msimamizi wao barua, na nakala yenye sahihi ya kupokelewa ninayo hadi leo kwenye faili. Jibu nililipata kwa mdomo, mbele ya vibarua wangu: "Wewe ni fundi mitaro. Simamia mitaro yako." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana malipo yangu yalikuwa bado mikononi mwake.

Masika yakaja. Ukisimama pale mvua ikiwa imetoka kukatika unaona nyufa ndogondogo za ngozi ya mamba kwenye njia ya tairi la kushoto. Lori likipita, maji ya tope yanaruka juu kupitia kwenye nyufa. Hayo maji yanatoka chini, na kila yakiruka yanachukua udongo kidogo. Lami haijafa kwa juu, inakufa tumboni. Wakaja wakaziba viraka, kwa sababu kipindi cha uangalizi, ambacho mjenzi bado analazimika kurekebisha kasoro, kilikuwa hakijaisha. Kilipoisha wakafunga kambi, wakauza mabati na vitanda kwa wanakijiji, wakaondoka. Kuanzia hapo kila kiraka kilikuwa mzigo wa fedha ya matengenezo, yaani ile tozo iliyomo kwenye kila lita ya mafuta unayoweka kwenye pikipiki yako.

Kalavati yangu bado imesimama. Nikipita na mteja mpya nasimamisha gari, namshusha, namwonyesha. Sioni aibu kusema hivyo.

Sasa fikiri. Kama yule mkandarasi mkuu angekuwa amefungwa na barabara ile kwa miaka 25 au 30, kila kiraka kikitoka mfukoni mwake, angeacha udongo wa mbuga chini ya lami ili awahi tarehe? Angetafuta kifusi hata kama kiko Sikonge. Mimi ubia nauelewa hapo. Fedha ya kujengea inaweza kukopwa kwa njia nyingi, na Serikali mara nyingi hukopa kwa riba nafuu kuliko kampuni. Anachokuja nacho mbia, kama mkataba umeandikwa vizuri, ni kwamba anayejenga ndiye atakayeumia barabara ikiharibika.

Mfano mzuri upo kusini. Barabara ya N4 inayotoka Afrika Kusini hadi Maputo ilitolewa kwa mkataba wa miaka 30 uliosainiwa mwaka 1997. Mwendeshaji wake alijikuta hata mizani ni biashara yake, kwa sababu lori lililozidisha uzito linamla yeye. Na wakazi wa jirani wakawekewa punguzo la tozo, maana huwezi kumtoza mtu anayekwenda sokoni kila siku sawa na lori la masafa.

Hapo kwenye mizani nisimame kidogo. Huku kwetu kuna msimu wa tumbaku, na wote mnajua malori yanavyopakia. Wamarekani walifanya jaribio kubwa la barabara kule Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaendesha malori kwenye vipande vya majaribio usiku na mchana, wakagundua uharibifu haupandi sambamba na uzito. Unapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ukiizidishia asilimia 20 tu, uharibifu unakaribia mara mbili. Ukiizidishia uzito mara mbili, uharibifu ni mara 16. Afrika Mashariki tuna kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tuna wajanja wa kukizunguka usiku. Mwekezaji akija huku swali lake la kwanza litakuwa idadi ya magari, na la pili litakuwa nani anashika mizani.

Idadi ya magari. Hapa ndipo vijana wengi hamtaki kusikia.

Kuna kipindi nilikaa kwenye banda la mama mmoja muuza chakula njia ya Kaliua, nina daftari la shule, napiga mistari: malori safu moja, mabasi safu ya pili, magari madogo ya tatu, bodaboda ya nne. Sikutumwa na mtu, nilitaka kujua tu. Safu ya bodaboda ilijaa hadi nikahamia ukurasa mwingine. Malori yalikuja kwa makundi, yakipotea kwa muda mrefu hadi mama yule akadhani nimekata tamaa, akaniongezea chai bila kuulizwa. Mawese kutoka Kigoma, chumvi ya Uvinza, saruji kwenda, magunia kurudi. Dereva mmoja nikamuuliza kama angelipa tozo barabara ikiwa safi. Akasema angelipa, "ila tajiri ndiye mwenye hela, na tajiri atasema pita ile ya zamani."

Lile jibu la dereva liliwahi kuitikisa Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 walitoa mikataba mingi ya barabara za tozo, na mshindi alikuwa yule aliyeomba miaka michache zaidi. Miaka michache maana yake tozo kubwa. Malori yakabaki kwenye barabara za zamani za bure, sarafu yao ikaporomoka, na mwaka 1997 serikali ikachukua mikataba 23 kati ya 52 pamoja na madeni yake. Sisi tuna Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa 2016, ambalo mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulibeba asilimia 60 ya gharama. Watu walilalamikia tozo hadi ikapunguzwa mwaka 2022. Na ile ni Dar es Salaam, yenye magari yasiyohesabika. Sasa weka kibanda cha tozo pale Malagarasi halafu uniambie jioni kimekusanya nini.

Tena kuna reli. Mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mzigo wa Kongo na Burundi ukihamia kwenye reli, barabara itabaki na nini? Mwekezaji mwenye akili atataka kifungu cha kumlinda dhidi ya njia shindani. Kule California kuna njia za tozo zilizofunguliwa 1995 zikiwa na kifungu cha namna hiyo: Serikali isipanue barabara ya bure iliyo sambamba nazo. Foleni ikawa balaa, wananchi wakachachamaa, na mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya eneo lile ikainunua haki ya kuziendesha njia zile kwa dola milioni 207.5. Nani huku atakubali kusaini karatasi inayosema reli isiboreshwe?

Kwa hiyo ubia wa tozo siutarajii Tabora wala Kigoma hivi karibuni, na anayewauzia viwanja vya "hapa pitapita tozo" mwulizeni ramani. Ninachokiona kinawezekana ni namna ile nyingine, ambayo Serikali inamlipa mbia kila mwaka kwa kuwa barabara inapitika na iko kwenye viwango. Shimo likikaa zaidi ya siku zilizoandikwa, anakatwa. Kalavati ikiziba, anakatwa. Dereva halipi kitu kibandani. Hatari yake ni kwamba bajeti ya miaka mingi mbele inakuwa imeshasainiwa, kwa hiyo si zawadi. Lakini inaleta kitu tulichokosa kwenye lile eneo la mbuga.

Na mikataba hii haidumu kwa sababu tu imeandikwa miaka mingi. Sisi wa Tabora tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, wao asilimia 51 na Serikali 49, miaka 25. Serikali ikairudisha 2011. Jirani yangu, fundi mstaafu wa karakana ya reli, hadi leo ukimtajia neno ubia anavuta kiti ndani na kufunga mlango.

Basi, wewe wa daraja la saba au la sita, ufanye nini?

Usikimbilie ujenzi. Huko kuna watu wenye mitambo na benki nyuma yao, na wewe utaishia kuwa sabu wa sabu. Kimbilia matunzo: kufyeka, kuzibua kalavati, kuziba nyufa kabla maji hayajaingia, kurudisha mabega ya barabara, kusimamisha alama zilizogongwa. Kazi hizi zinarudi kila mwaka, na mbia hataleta watu kutoka mbali kuja kufyeka nyasi za Urambo. Anamhitaji mtu aliye saa moja kutoka pale, anayejua mto gani unapanda Februari.

Soma kifungu cha malipo. Mimi niliandikiwa "utalipwa mkandarasi mkuu atakapolipwa," na wakati ule kazi zilikuwa chache, hakuna aliyekuwa anasaini kitu tofauti. Nilikaa muda mrefu sana nikidai. Vibarua walikuja nyumbani kwangu, si kwake. Mmoja alikaa barazani hadi jioni bila kusema neno, mke wangu akampa ugali. Wenzangu, kifungu cha malipo kisome kabla ya bei. Ukimaliza, kisome tena. Kama kinakufunga kwenye malipo ya mtu mwingine, omba tarehe ya mwisho, hata siku 60, iandikwe.

Pili, weka maandishi. Ile barua yangu haikubadilisha udongo, lakini walipotaka kunitupia lawama ya nyufa niliitoa, kikao kikaisha pale pale. Kila unachokiona chini ya ardhi, andika, piga picha yenye tarehe, pata sahihi ya aliyepokea.

Halafu, samahani kama narudia, kifungu cha malipo.

Nitasema na hili, mtanisamehe wenye hasira. Tunapenda kulalamika kuwa wageni wanachukua kazi zote, halafu ukimtafuta mzawa saa kumi na mbili asubuhi kwenye eneo la kazi yupo mjini anafuatilia zabuni nyingine. Vibarua hawana buti, rola limekodishwa kwa mtu mwingine, saruji imepelekwa kujenga nyumba ya mtu. Mbia wa miaka 30 hawezi kuishi na mkandarasi wa namna hiyo, na hana sababu ya kumvumilia, kwa sababu akikatwa yeye, atakukata wewe kwanza. Vijana, acheni ujanja wa kutafuta kibao. Jengeni sifa kwenye mtaro mmoja.

Na mnapoweka bei za matunzo, msitumie bei ya Agosti. Agosti nyasi zimekauka, vibarua wamejaa na kila kilomita inaonekana rahisi. Pigeni hesabu ya Januari: nyasi zimefika kifuani, kila mtu yuko shambani kwake, kibarua anataka mara moja na nusu, na pikipiki ya kupeleka mafuta ya mashine imekwama. Hiyo ndiyo bei ya mkataba wa mwaka mzima. Mtu akikuambia ni kubwa mno, mwombe akutajie kilomita moja aliyowahi kufyeka Januari.