Tangawizi mbichi: uitie lini?

Mtu akinilalamikia kwamba chai yake ya maziwa imekatika, namuuliza kwanza: tangawizi umeitia saa ngapi? Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na maziwa yana protini tele. Itwange, ichemshe na maji matupu, iliki na majani kwa dakika tano hivi, ndipo umimine maziwa. Kikishachemka kimeng'enya hicho hakina nguvu tena. Wanaoikunia moja kwa moja kwenye maziwa ya vuguvugu wasimlaumu muuza maziwa.

Kwenye mishkaki, kimeng'enya hichohicho kinakusaidia. Nyama ya ng'ombe ya buchani, ile ngumu, ipake tangawizi iliyotwangwa, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, iache saa mbili tatu. Usiilaze usiku kucha: nje inalegea ikawa uji, na kwenye kijiti haikai.

Sasa samaki wa kupaka, ambaye hapa Tanga kila nyumba ina ushindani wake. Ukali wa tangawizi mbichi unatoka kwenye kiambato kiitwacho jinjeroli, na moto unaupunguza, inabaki ladha ya upole yenye utamu kwa mbali. Kwa hiyo mimi naigawa mara mbili. Nusu naipaka kwenye samaki aina ya changu pamoja na ndimu na kitunguu saumu kabla hajaenda kwenye makaa. Nusu nyingine naitia kwenye tui zito likiwa karibu kuiva, nakoroga mara chache, naepua. Ukiitia yote mwanzoni utabaki na harufu tu, halafu utaongeza pilipili bila sababu. Ya unga usiipime sawa na mbichi. Ikikauka ukali wake unazidi.

Kwa vitamu, kashata za nazi ndizo zinazonifurahisha zaidi. Hapa usitie makapi. Ikune tangawizi, iweke kwenye kitambaa safi, kamua. Vijiko viwili vya maji yake vinatosha nazi moja na kikombe cha sukari. Vitie sukari ikishaanza kuyeyuka, kisha nazi, ukoroge bila kuondoka jikoni mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Ndizi mbivu za tui nazo zinapenda tangawizi, ila kidogo sana, na iliki iwe mbele.

Ukienda soko la Mgandini hapa Tanga, chagua kipande kizito, ngozi imekaza, ukikivunja kilie. Kilichosinyaa kina nyuzi nyingi. Hicho kitafaa chai. Muulize muuzaji kama ni ya Same, kule Upareni wanakoilima kwa wingi. Ngozi iparue kwa kijiko, kisu kinakula nyama yake bure. Inayobaki itie kwenye friza nzima, bila kumenya. Ikiwa imeganda inakunika vizuri kuliko ilivyokuwa sokoni.